Tunafundisha Kujenga Mifumo, Nani Atafundisha Kuitunza?

Mwishoni mwa muhula wa pili, katika vyuo vikuu na vyuo vya kati vya Tanzania, wanafunzi wa kompyuta husimama mbele ya jopo la wahadhiri kutetea miradi yao ya mwisho. Majina ya miradi hayatofautiani sana chuo hadi chuo: mfumo wa taarifa za wagonjwa wa zahanati, mfumo wa kuripoti mabomba mabovu, daftari la kielektroniki la wakazi wa mtaa, mfumo wa bei za mazao sokoni. Projekta inawashwa, fomu inajazwa watu wakiona, ripoti inatoka na michoro ya rangi, jopo linauliza mawili matatu kuhusu majedwali ya kanzidata, alama zinaandikwa. Kisha mfumo unafungwa na mara nyingi haufunguliwi tena. Ulikuwa ukiendeshwa ndani ya kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, haukuwahi kupanda kwenye seva ambayo mtu wa nje angeweza kuifikia, na mwenyekiti wa mtaa ambaye jina la cheo chake limeandikwa kwenye ripoti hana habari kwamba upo. Mwaka unaofuata kundi jingine linachagua mada ileile na kuanza upya kwenye jedwali la kwanza.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vijana hawajaiva: hawajui lugha za programu vya kutosha, maabara ni chache, intaneti ni ya kusuasua. Hayo yapo, lakini hayatoshi kueleza kinachotokea, kwa sababu hata mradi uliopata alama ya juu kabisa huishia palepale. Mfumo hufa kwa sababu kozi yenyewe imepangwa ili ufe. Alama zinatolewa kwa kujenga, na siku ya kujenga inapokwisha hakuna aliyebaki na wajibu. Tukitaka elimu ya programu za wavuti ifae jamii, na imfae mwanafunzi pia, inabidi tuache kumtaka kila mwanafunzi aanzishe mfumo mpya. Tumkabidhi mfumo uliopo, wenye watumiaji halisi na kasoro halisi, tumpime kwa namna alivyoutunza na kuuendeleza hadi kuukabidhi kwa darasa linalofuata.

Kwanza tukubaliane kwamba kujenga si sehemu ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefundishwa HTML na CSS, JavaScript kidogo, PHP au Python, na misingi ya kanzidata, anaweza kutengeneza ukurasa unaopokea taarifa, unaozihifadhi na kuzionyesha kwenye ramani. Ushahidi wa karibu ni Ushahidi wenyewe, mfumo uliozaliwa Kenya Januari 2008 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kikundi kidogo cha watu waliojitolea, wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, kiliuweka hewani kwa siku chache tu, ukapokea taarifa za vurugu kwa wavuti na kwa ujumbe mfupi wa simu. Sifa zote zikaenda kwenye ule wepesi wa kujenga. Kazi iliyoupa maana ilikuwa nyingine: kuna watu waliokaa wakisoma kila taarifa, wakiilinganisha na nyingine, wakiamua ipi ya kuaminika na ipi ni uvumi. Jedwali la kanzidata halijui uvumi. Na kazi hiyo ya kuhakiki, ambayo ndiyo moyo wa mfumo wowote wa taarifa za jamii, ni nadra kukuta swali lake kwenye mtihani wa programu za wavuti.

Mfano wa upande wa pili unafundisha zaidi, nao ni wa hapa nyumbani. Shirika la Daraja lilianzisha mradi ulioitwa Maji Matone, ambao wananchi wangetuma ujumbe mfupi kuripoti kituo cha maji kilichoharibika, taarifa ifike kwa mhandisi wa maji wa wilaya na kwa vyombo vya habari. Kwenye karatasi hakuna cha kukosoa. Lengo la kipindi cha majaribio lilikuwa kupata jumbe 3,000, zikapatikana 53. Mwaka 2011 Daraja walitangaza hadharani kwamba mradi umeshindwa, jambo la kiungwana ambalo mashirika machache huthubutu kulifanya, wakaeleza sababu wanazozidhania. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, na simu mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Mtandao haufiki kila mahali. Watu waliogopa kuonekana wanamshtaki kiongozi, na zaidi ya yote hawakuamini kwamba kuna mtu atakayekuja kutengeneza bomba. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo ambayo ingetatuliwa na programu bora zaidi. Ukiwaambia wanafunzi leo wabuni mfumo wa kuripoti mabomba, wengi watabuni Maji Matone nyingine, kwa kuwa hakuna aliyewasimulia ya kwanza.

Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria mwaka 2003 kwamba, katika miradi ya serikali mtandao kwenye nchi zinazoendelea, asilimia 35 ilishindwa kabisa, asilimia 50 ilishindwa kwa sehemu, na asilimia 15 tu ndiyo iliyofaulu. Ni makadirio ya zamani na mtu anaweza kuyabishia hesabu, lakini maelezo yake bado yana nguvu: mfumo huanguka kwenye pengo kati ya hali aliyoiwaza mbunifu na hali iliyopo kule unakopelekwa. Na wasomaji wa Tanzania hawahitaji kwenda mbali kuelewa jambo hili, maana sekta ya maji vijijini imepitia darasa hilohilo kwa saruji na chuma. Takwimu za vituo vya maji 59,400 nchini, zilizokusanywa kwa kushirikiana na Wizara ya Maji na baadaye kuwekwa wazi kwenye shindano la mtandaoni la DrivenData, zinaonyesha kwamba takribani vituo 38 katika kila 100 vilikuwa havitoi maji, na vingine 7 vilikuwa vinatoa lakini vinahitaji matengenezo. Visima vilichimbwa, mabomba yakazinduliwa kwa utepe, kisha pampu ikaharibika na hakukuwa na fundi, spea wala mfuko wa fedha. Ndiyo maana Sheria ya maji ya 2019 iliyoiunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliweka pia vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani watu wenye wajibu wa kukusanya fedha na kutengeneza kila siku. Elimu yetu ya kompyuta bado iko kwenye zama za kukata utepe. (Takwimu hizo za mabomba ya Tanzania zimetumiwa na wanafunzi wa nchi nyingi duniani kujifunzia namna ya kuifundisha mashine itabiri. Ingekuwa vyema kujua ni darasa gani hapa nchini limechukua orodha ya kata moja, likaenda kuangalia kama bomba linalodaiwa kufanya kazi linafanya kazi kweli.)

Sasa tuangalie mifumo iliyodumu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot magharibi mwa Kenya, ulianza kutumika mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Ulikuwa umeandikwa kwenye Microsoft Access, programu ambayo mhadhiri wa leo angeitazama kwa dharau. Mzigo wa wagonjwa wa UKIMWI ulipoongezeka, mfumo ule ulielemewa, na kutokana na uzoefu wake ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi za Afrika na kwingineko. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, una historia inayofanana nayo. Mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya 1994, serikali mpya ilipotaka takwimu za afya za wilaya zote, za weusi na za weupe, zikae mahali pamoja. Toleo la kwanza nalo lilikuwa la Access, na toleo la wavuti lilianza kuandikwa mwaka 2004 kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania nayo imeutumia kwa ushirikiano wa karibu wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo uko katika nchi zaidi ya 70.

Mtu anaweza kusoma historia hizi akaona fedha za wafadhili tu, na ni kweli fedha zilikuwepo. Lakini miradi mingine mingi ilipata fedha na haipo tena. Kinachoitofautisha mifumo hii miwili ni jinsi ilivyowatumia wanafunzi. Oslo kuna kozi ambayo wanafunzi huandika programu ndogo za kukaa juu ya DHIS2, si mifumo ya kubuni kichwani; wanasoma msimbo wa watu wengine, wanafuata kanuni zilizowekwa, na wanachokiandika kinaweza kumfikia muuguzi halisi. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka Afrika, Tanzania ikiwemo, waliandika tasnifu zao wakiwa wanahangaika na mfumo huohuo katika wilaya za nchi zao. OpenMRS nayo, kwa miaka mingi, imekuwa ikipokea wanafunzi wa mpango wa Google wa majira ya kiangazi, wakilipwa kurekebisha na kuongeza sehemu za mfumo uliokwisha kuwa na watumiaji. Kila kizazi cha wanafunzi kilikuta kazi ya waliotangulia na kuiacha mbele kidogo. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyetakiwa kuthibitisha akili yake kwa kuanza upya.

Kuna mfano mwingine ambao ni wa wanafunzi wetu moja kwa moja, na ambao hausifiwi inavyostahili. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, kuchora ramani ya mtaa wao, kama ilivyokuwa imefanyika Kibera, Nairobi, mwaka 2009. Mwaka 2015 kazi hiyo ilikua ikawa Ramani Huria: wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, walipita uchochoro kwa uchochoro wakirekodi nyumba, mitaro, vivuko, na mahali maji yanapotuama. Wenyeviti na wajumbe ndio waliojua mtaro upi umezibwa na taka na mpaka wa mtaa unapita wapi. Mwanafunzi alijua kutumia kifaa. Taarifa zote ziliwekwa kwenye OpenStreetMap, kanzidata ya wazi ambayo haimilikiwi na mradi. Hilo la mwisho ndilo la kuzingatia. Fedha za mradi zina mwisho, ofisi hufungwa, wanafunzi huhitimu, lakini mtaro uliochorwa bado uko kwenye ramani, na yeyote anaweza kuusahihisha leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Mfumo wa darasani ukifa, taarifa zake hufa nao, maana zimo kwenye kanzidata ambayo nywila yake anaijua mtu mmoja aliyeko kazini Mwanza.

Kutokana na mifano hii mtu anaweza kuchora kozi yenye sura nyingine. Tuseme idara ya kompyuta katika chuo cha mkoani inakubaliana kwa maandishi na kata moja jirani kutunza mfumo mmoja tu: orodha ya vituo vya maji na hali zake, au mitaro na vivuko, au bei za mazao katika soko la kata. Mwaka wa kwanza wa makubaliano darasa linajenga kitu kidogo, cha fomu mbili na ramani moja. Kuanzia mwaka wa pili hakuna anayejenga upya. Wiki za mwanzo za muhula hazihitaji kompyuta kabisa. Wanafunzi wanakwenda kuangalia karatasi zinavyofanya kazi: daftari la mtendaji, barua ya utambulisho anayoombwa mkazi anapotaka kufungua akaunti au kumdhamini ndugu yake, risiti za mfuko wa maji, vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, katika zahanati, ambavyo tangu miaka ya 1990 vimekuwa msingi wa takwimu za afya zinazopanda wilayani na hatimaye kuingizwa kwenye DHIS2. Karatasi ina mengi ya kumfundisha mbunifu wa mfumo. Safu inayoachwa tupu kila ukurasa ni safu ambayo hakuna anayeitumia, au ambayo kuijaza kunamuudhi mtu. Maandishi yaliyobanwa pembeni ni safu iliyosahauliwa na mbunifu wa wizarani. Mwanafunzi aliyeona hayo hatatengeneza fomu yenye visanduku 24 vya lazima kujazwa kwa simu ya kitochi.

Baada ya hapo ndipo darasa linafungua msimbo uliorithiwa, na hapa ndipo penye elimu ambayo mradi mpya hauwezi kuitoa. Programu za wavuti huoza zikiwa zimekaa tu. PHP 7 ilipotoka Desemba 2015 iliondoa kabisa vitendaji vya zamani vya kuwasiliana na kanzidata ya MySQL, vilevile ambavyo vitabu na mafunzo ya mtandaoni yalikuwa yamevifundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Mifumo isiyohesabika ilizimika siku mwenye seva alipoboresha toleo, bila mtu kugusa herufi moja. Matoleo ya PHP 5 yaliacha kupewa viraka vya usalama mwisho wa 2018, Python 2 ikafuata 2020. Mwanafunzi anayejenga na kuondoka hawezi kulijua hili, kwa sababu mradi wake hauishi kiasi cha kuzeeka. Anayerithi atakutana nalo wiki ya kwanza. Atakutana pia na nywila zilizohifadhiwa wazi, na swali la kanzidata lililounganishwa moja kwa moja na maneno aliyoandika mtumiaji, mlango ambao mdukuzi wa kiwango cha chini kabisa anaujua. Atalazimika kuuliza nakala rudufu iko wapi, ilijaribiwa lini kurejeshwa, nani analipia jina la kikoa likifikia mwisho wa mwaka. Hata lugha ya kwenye skrini ni kazi ya kutunza: mwaka 2004 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, kazi ya kujivunia, lakini tafsiri ya programu huchakaa kila toleo jipya linapotoka, na bila watu wa kuifuatilia mtumiaji hurudi kwenye Kiingereza.

Yapo mapingamizi, na baadhi yana uzito. La kwanza hutoka kwa wahadhiri: mwanafunzi asiyejenga kitu tangu msingi hajui programu. Nakubaliana nao kwa mazoezi ya mwaka wa kwanza na wa pili. Mtu ajenge, avunje, ajenge tena, hata mara kumi. Ila mradi wa mwisho ni daraja la kuelekea kazini, na kazini, iwe benki, kampuni ya simu au Mamlaka ya Serikali Mtandao, kijana hupokelewa na maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu waliokwisha kuondoka. Kusoma msimbo wa mwingine ni ujuzi wa peke yake na hauji wenyewe. Na tangu programu za akili unde zianze kuandika msimbo kwa kuelekezwa kwa sentensi, hoja ya kupima watu kwa kujenga tangu mwanzo imebaki na miguu dhaifu sana: mfumo wa kawaida wa fomu na ripoti unaweza kutoka mchana mmoja. Kinachobaki kuwa kipimo cha mtu ni kujua kama mfumo huo unamfaa mtendaji wa kata, kama ni salama, na utakuwa na hali gani mwakani.

Pingamizi la pili ni la kanuni: chuo kinataka kazi ya mwanafunzi iwe yake, na kurithi kunanuka wizi wa maandishi. Hili ni jepesi kuliko linavyoonekana. Mfumo ukitunzwa kwa Git, kila mstari una jina la aliyeuandika na tarehe yake. Jopo linaona mwanafunzi huyu alirekebisha nini, mwenzake aliandika mwongozo upi, na nani alionekana wiki ya mwisho tu. Ripoti ya kurasa 80 iliyofungwa kwa jalada gumu haijawahi kumweleza mhadhiri ukweli kiasi hicho. Kwa wale wanaolalamika kwamba darasa lina wanafunzi 150 na mfumo mmoja hauwatoshi, jibu liko humohumo: mfumo hai unahitaji wapimaji, wasafishaji wa taarifa, waandishi wa mwongozo wa Kiswahili, wa kufundisha watumiaji, wa kuangalia seva. Makundi 40 yanayojenga mifumo 40 inayofanana ndiyo mzigo usiobebeka kwa msimamizi.

La tatu ni la kalenda, na hili ndilo lililoua majaribio mengi mema. Chuo hufungua karibu Oktoba au Novemba, hufunga Julai, na katikati kuna mitihani. Soko halifungi. Mfumo wa bei za mazao usioguswa kwa miezi mitatu umekufa, maana mkulima aliyekuta bei ya Julai mwezi Septemba hatarudi tena. Lakini tazama: likizo ndefu ndiyo hasa wakati ambao wanafunzi hutawanyika kwenda mafunzo kwa vitendo, wiki nane au zaidi, na malalamiko ya kila mwaka ni kwamba wengi huishia kutoa fotokopi na kufunga nyaya katika ofisi zisizokuwa na kazi ya kuwapa. Wachache kati yao wakipangiwa kuutunza mfumo wa kata, pengo la kalenda linazibwa na watu ambao tayari wanahesabiwa alama kwa muda huo. Hakuna bajeti mpya inayohitajika isipokuwa nauli, bando na ada ya seva.

Pingamizi la nne lina nguvu kuliko yote, nalo ni usiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe, aeleze anazikusanya kwa nini, na azilinde. Kenya na Uganda zina sheria za namna hiyo tangu 2019. Wanafunzi wa miaka ishirini na mmoja wakipewa orodha ya wagonjwa wa zahanati ya jirani, hali ya mtu ya VVU inaweza kuwa gumzo la bweni kabla ya jioni. Hapa sina jibu la kulainisha mambo. Miradi ya taarifa za wagonjwa, ambayo vyuo vinaipenda sana, isifanywe na darasa lolote kwa taarifa halisi, na daftari la wakazi nalo liachwe. Yapo mengi yasiyohusu mtu: mabomba, mitaro, bei, ratiba za magari, vitabu vya maktaba, hali ya barabara za vijijini. Anayetaka kugusa afya ajifunzie DHIS2 kwa taarifa za majaribio.

Hilo linatupeleka kwenye swali la serikali. Kuna anayesema mifumo ya umma imekwisha kujengwa na inaratibiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya sheria ya 2019, kwa hiyo wanafunzi wasiongeze takataka. Onyo hili ni la kweli kwa nusu. Muuguzi wa zahanati anajaza vitabu vya kutosha. Kumletea fomu nyingine ya chuo ni kumwonea. Lakini mifumo ya kitaifa imetengenezwa ili taarifa zipande juu, kutoka kijijini kwenda wilayani na wizarani, na nchi ina vijiji zaidi ya 12,000 na mitaa zaidi ya 4,000 ambayo kila mmoja una maswali yake yasiyoulizwa na wizara yoyote. Kamati ya maji inataka kujua kaya zipi za kitongoji kimoja hazijapata maji wiki hii. Swali dogo namna hiyo halitawahi kupata mkandarasi, na ndilo saizi ya darasa.

Mtu mwenye kumbukumbu ndefu anaweza pia kukumbusha Elimu ya Kujitegemea ya 1967 na yaliyoyapata mashamba ya shule. Mwalimu Nyerere alitaka shamba liwe sehemu ya somo. Katika shule nyingi likaishia kuwa jembe bila somo, na mwanafunzi akawa kibarua. Hatari hiyo ipo hapa pande zote mbili: mwanafunzi kugeuzwa fundi wa bure wa halmashauri, na kata kugeuzwa maabara ya kuchezea alama. Kinga ni mkataba unaosema mfumo ukifa nani anarudishiwa taarifa na kwa muundo gani, na unaompa mwenyekiti na kamati yake haki ya kukataa. Jopo la kutoa alama nalo liwe na angalau mtumiaji mmoja kutoka kata. Akisema hautumiki, mradi umeshindwa, hata kama msimbo wake unameremeta.

Wakuu wa idara wanaopanga mada za miradi ya mwaka ujao hawahitaji kusubiri mtaala mpya upite kwa wasimamizi wa vyuo, TCU au NACTVET, ili kuanza. Fungueni kabati la ripoti za miaka mitano iliyopita, chagueni mradi mmoja ambao kata ya jirani inauhitaji kweli, mtafuteni aliyeuandika awape msimbo, kisha likabidhini darasa la mwaka ujao kazi ya kuuweka hewani na kuuacha ukiwa hai siku ya mahafali.